Msitu Uliotisha, Msitu Unaotuliza

Ushauri unaotolewa sana siku hizi kwa mtu aliyeelemewa na wasiwasi ni mfupi: toka nje, tembea penye miti, kaa karibu na maji, sikiliza ndege. Madaktari wanautoa, walimu wanautoa, wazazi wanautoa, na upo ushahidi unaouunga mkono. Hata hivyo unamchukulia anayeambiwa kana kwamba msitu uko mlangoni pake, hauna mwenyewe, na yeye anazo saa mbili za kutembea bila kukatwa ujira. Ukiifuata historia ya jambo hili, tangu bustani za York mwishoni mwa karne ya 18 hadi msitu wa Karura mjini Nairobi katika zama zetu, unakuta sharti linalojirudia kila mahali. Miti humtuliza mtu pale anapoifikia bila hofu na anapokuwa na muda ulio wake. Hali hiyo haikuwahi kujileta yenyewe. Kila ilipopatikana palikuwa na watu walioipigania, na mara kadhaa palikuwa na wengine walioporwa ardhi ili ipatikane. Ndiyo maana nashikilia kwamba suala la utulivu wa nafsi msituni ni, kwanza kabisa, suala la ardhi ya umma.

Mwaka 1790 mjane mmoja aitwaye Hannah Mills alifariki ndani ya nyumba ya wagonjwa wa akili ya mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa Mquaker, muumini wa dhehebu ambalo leo lina wafuasi wengi magharibi mwa Kenya, na waumini wenzake walipotaka kumwona walikuwa wamezuiwa. Kifo hicho kilimgusa William Tuke, mfanyabiashara wa chai na kahawa, akaanza kuchangisha fedha miongoni mwa Waquaker ili wajenge nyumba yao wenyewe. Ilifunguliwa mwaka 1796 juu ya kilima nje ya mji, ikaitwa The Retreat. Wagonjwa wa mwanzo walikuwa wachache, takriban thelathini, na kilichowashangaza wageni waliokwenda kuitazama ni mambo ambayo hayakuwepo: minyororo ilikuwa imeondolewa, viboko havikuwepo, na madirisha yalitengenezwa yasifanane na ya gereza. Mjukuu wa William, Samuel Tuke, alichapisha mwaka 1813 maelezo marefu ya nyumba hiyo, na humo anaeleza jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko nadharia zake zote. Katika nyua za wagonjwa waliwekwa wanyama wadogo: sungura, shakwe, mwewe na kuku. Mgonjwa ambaye hakuweza kukaa na watu bila kutetemeka au kufoka aliweza kukaa na sungura. Samuel aliamini kwamba kumtunza kiumbe dhaifu kuliko wewe huamsha wema uliolala, na kwamba kutembea bustanini na mashambani kuliivuta akili itoke kwenye mawazo yaliyokuwa yakiizunguka yenyewe.

Mfano huo ulienea haraka, lakini kilichoenea zaidi ni umbo lake. Sheria ya mwaka 1845 iliitaka kila kaunti ya Uingereza ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili, na nyingi zilijengwa vijijini, juu ya vilima, zikizungukwa na mashamba na bustani, kama York. Hospitali ya Colney Hatch, kaskazini mwa London, ilifunguliwa mwaka 1851 ikiwa na nafasi za wagonjwa zaidi ya elfu moja, na idadi ikaendelea kupanda. Bustani zilikuwepo na hewa ilikuwepo. Kilichopotea ni ule uhusiano wa watu thelathini na walezi waliowajua kwa majina. Mgonjwa alifungiwa, kisha akaonyeshwa mti kupitia dirishani, au akapelekwa shambani kulima kama kibarua asiye na hiari. Nimeianza historia hii hapa kwa sababu hiyo: nusu karne tu baada ya The Retreat, Uingereza ilikuwa tayari imethibitisha kwamba unaweza kumzungushia mtu miti pande zote na asipate nafuu, iwapo hana uhuru wa kwenda kwenye miti hiyo wala wa kuondoka.

Aliyeliona suala hili kwa upana wake alikuwa Mmarekani Frederick Law Olmsted, ambaye pamoja na Calvert Vaux alishinda mwaka 1858 shindano la kubuni Central Park ya New York. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kulikabidhi jimbo la California bonde la Yosemite ili liwe mali ya umma, na Olmsted akawekwa kuongoza tume ya kulisimamia. Ripoti aliyoiandika mwaka 1865 inajenga hoja hatua kwa hatua. Kutazama mandhari ya asili, anasema, huipumzisha akili na kuiamsha kwa wakati mmoja. Kukosa pumziko hilo huwaletea watu uchovu wa neva, huzuni, hata wazimu. Kisha anageukia Uingereza, ambako mandhari bora kabisa zilikuwa zimezungushiwa ukuta na familia chache tajiri. Kama pumziko hili ni hitaji la akili ya kila binadamu, basi serikali isiyolilinda kwa ajili ya maskini inashindwa katika wajibu wake wa msingi. Ripoti hiyo ilizuiwa na wenzake isifike kwenye bunge la California, ikapotea kwa miongo mingi.

Hoja ya Olmsted ni yangu pia, na kwa sababu hiyo sina budi kusema ilisimama juu ya ardhi gani. Central Park ilipotengwa, ndani ya mipaka yake kulikuwa na Seneca Village, makazi ya watu takriban 225, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa wamenunua viwanja vyao tangu 1825. Walikuwa na makanisa matatu na shule. Waliondolewa wote kufikia mwaka 1857. Bonde la Yosemite nalo lilikuwa nyumbani kwa Waahwahneechee, ambao mwaka 1851 walifurushwa na wanamgambo wa California, miaka 13 kabla ya Lincoln kutia saini. Wako wanaotaja mambo haya ili kuitupilia mbali fikra nzima ya hifadhi za umma. Mimi nayataja kwa sababu yanaithibitisha hoja: mwenye mamlaka juu ya ardhi ndiye anayeamua nani apumue na nani ahangaike. Familia ya Seneca Village iliyobeba vitu vyake mwaka 1857 ilibeba pia wasiwasi ambao watembezi wa bustani walikuja baadaye kuuacha hapo hapo.

Mwaka 1932 ulikuwa na matukio mawili yasiyohusiana kabisa, lakini yakiwekwa pamoja yanaeleweka vizuri zaidi. Tarehe 24 Aprili, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima Kinder Scout bila ruhusa. Mlima huo ulikuwa umefungwa ili matajiri wachache wapate kuwinda ndege siku chache za mwaka. Vijana hao walishinda wiki nzima kwenye moshi na kelele za viwanda, au hawakuwa na kazi kabisa, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao ya pekee. Watano walifungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1949, na kumbukumbu ya Kinder Scout haikuwa mbali nayo. Mwaka huo huo wa 1932, serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza rasmi msitu wa Karura, pembezoni mwa Nairobi, kuwa msitu wa serikali. Hapo hapakuwa na fikra ya kumpumzisha mtu yeyote. Misitu ya karibu na mji ilithaminiwa kwa mbao na kuni. Hata bustani ya miti ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti inayokua haraka ili reli ipate kuni. Mwafrika aliyeingia msituni bila kibali alikuwa mhalifu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 dhidi ya wapigania uhuru, msitu ukawa uwanja wa vita, na vizazi viwili vya Wakenya wa eneo la kati vikakua vikiuhusisha na mabomu, njaa na kuviziwa.

Wangari Maathai alikulia katika hali hiyo, wilayani Nyeri, na alipoanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, mwaka 1977 alianza na mahitaji ya wazi: kuni, maji, udongo. Mapambano yake ya mwaka 1989 yalikuwa ya aina nyingine. Chama tawala, KANU, kilikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Uhuru Park haikuwa msitu wala haikutoa kuni. Ilikuwa majani, miti michache na ziwa dogo ambako watu wa mishahara midogo walikwenda Jumapili na watoto wao, wakalala chini ya mti bila kuulizwa kitu. Maathai aliandika barua kwa kila aliyeweza kusikia. Alimwandikia hata balozi wa Uingereza, akiuliza kama Waingereza wangekubali jengo la namna hiyo ndani ya Hyde Park ya London, na akaitaja pia Central Park. Hoja ya Olmsted ilikuwa imefika Nairobi, safari hii ikibebwa na mtu ambaye jamii yake ilijua maana ya kunyang'anywa ardhi. Wabunge walimtukana, Rais akamtaka awe mwanamke mwenye heshima kwa wanaume, shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi zake katika jengo la serikali. Lakini wafadhili wa nje walirudi nyuma na jengo halikujengwa.

Karura ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa za msitu huo, wenye hekta zaidi ya elfu moja, zilikuwa zimegawiwa kimyakimya kampuni binafsi ili zijenge nyumba za kifahari. Mnamo Oktoba waandamanaji waliingia, na mitambo ya ujenzi ikateketezwa. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alirudi na wanawake wa Green Belt, wabunge na waandishi wa habari, akiwa amebeba mche mmoja auoteshe langoni. Walinzi wengi walikuwa wamewekwa kuwasubiri, wakiwa na panga, marungu, mijeledi na pinde. Alipigwa kichwani akapasuka. Alikwenda kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha mashtaka, na alipoambiwa atie saini, alitia kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia mitaani, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ulibaki.

Hapa ndipo historia inapotupa ushahidi ambao maabara haiwezi kuutengeneza. Msitu ulibaki, lakini kwa muda wa takriban miaka kumi baada ya ushindi huo hakuna aliyepata utulivu ndani yake. Karura ilijulikana kwa wizi, kwa ubakaji, kwa maiti zilizotupwa usiku. Mwanamke anayekaa umbali wa dakika chache alipita kando yake ndani ya matatu akiwa amefunga dirisha. Halafu, baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2005 kuwaruhusu wananchi kushirikiana na serikali katika usimamizi, wakazi wa jirani waliunda chama cha kuutunza. Uzio wa umeme ukajengwa, vijana wa vitongoji vya karibu kama Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi wa njia, mageti yakawekewa watu na saa za kufungua, na mwaka 2011 umma ukaanza kuingia rasmi. Leo wanawake wanakimbia peke yao alfajiri kwenye vijia vilevile, familia zinakaa karibu na maporomoko ya maji, wanafunzi wanakwenda kusoma chini ya miti. Miti ni ileile. Mvua ni ileile, ndege walewale, harufu ileile ya majani yanayooza. Msitu ambao mwaka 2005 ulipandisha mapigo ya moyo unayashusha sasa, na tofauti nzima ililetwa na mikono ya watu.

Wapo watakaosema kwamba ninaipa siasa nafasi ya sayansi, kwa kuwa mwili wa binadamu huitikia majani bila kuuliza hati ya kiwanja. Ni kweli kwamba mwili huitikia. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala karibu na dirisha linalotazama miti walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo, na wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Japani, ambako idara ya misitu ilianza mwaka 1982 kuwahimiza raia kwenda kutulia misituni, watafiti baadaye waliwapima vijana 280 katika misitu 24 na kukuta kotisoli, homoni inayopanda wakati wa msongo, ikiwa chini zaidi msituni kuliko mjini, na mapigo ya moyo yakiwa polepole zaidi. Sina sababu ya kupinga matokeo hayo. Ila nakumbusha kwamba vijana hao walipelekwa, wakalindwa, na hawakuwa na jambo jingine la kufanya siku hiyo. Masharti yote ninayoyazungumzia yalikuwa yametimizwa na watafiti kabla ya kipimo cha kwanza.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi: huenda wanaotembelea bustani ni wale ambao tayari wana nafuu, wenye afya, muda na fedha, na bustani yenyewe haifanyi kitu. Tafiti nyingi za kuhoji watu haziwezi kulijibu. Uliojibu ulifanyika Philadelphia, katika mitaa yenye viwanja vilivyotelekezwa, vilivyojaa takataka na matairi. Watafiti walichukua viwanja 541 na kuvipangia kwa bahati nasibu: vingine visafishwe tu, vingine visafishwe na kuoteshwa nyasi na miti michache pamoja na uzio mfupi wa mbao, vingine viachwe vilivyo. Waliwahoji wakazi 442 kabla, na wengi wao tena baada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Miongoni mwa waliokaa karibu na viwanja vilivyooteshwa, idadi ya waliosema wanajisikia wenye sonona ilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ikilinganishwa na kule kusikoguswa, na katika mitaa maskini kabisa ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Viwanja vilivyosafishwa tu havikuleta badiliko la kutegemewa. Utafiti huo uligusa sonona zaidi ya wasiwasi wenyewe, na ni vizuri kutouvuta mbali kuliko unakofika. Lakini unaonyesha kwamba kijani kinafanya kazi yake hata kwa yule ambaye hakuchagua kukitembelea, kikiletwa anapoishi na kikitunzwa.

Kisha kuna pingamizi la mkulima, ambalo kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndilo la kwanza kuja akilini. Kama miti na anga vinaondoa wasiwasi, mbona mkulima wa Kitui au Dodoma, anayeshinda nje tangu alfajiri, hulala macho wazi usiku? Jibu lake ni lile lile la Colney Hatch. Anga kwa mkulima wa kutegemea mvua ni hesabu ya chakula cha watoto. Akiitazama Novemba inapita bila wingu, hatazami mandhari. Mtu huyo hajakosa mazingira ya asili. Amekosa bima, akiba, maji ya umwagiliaji, na siku moja ambayo si lazima aangalie juu. Kumshauri atembee porini ni kutomsikiliza. Hali kadhalika mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi uliokomaa, anayeshikwa na hofu hadi kifua kinabana, anahitaji mtaalamu na pengine dawa, na mti haupaswi kutumiwa kama kisingizio cha kutomjengea kliniki.

Lililobaki ni la bei. Karura yenyewe, kwa miaka mingi, ilitoza Mkenya mtu mzima shilingi 100 langoni. Fedha hizo zililipa walinzi na kutunza njia, na bila walinzi tungerudi kwenye msitu wa miaka ya 2000, hivyo siwalaumu walioiweka. Lakini mama wa Huruma mwenye watoto wanne, anayefua nguo za watu kwa siku, anaihesabu mia hiyo kwa namna tofauti na mkazi wa mtaa wa kitajiri wa Muthaiga, na anaishi karibu zaidi na uzio. Gharama ya kuotesha kiwanja kimoja Philadelphia ilikuwa takriban dola 1,600, na kukitunza dola 180 kwa mwaka. Nairobi ina vipande vya ardhi ya umma kandokando ya mito yake, ndani kabisa ya mitaa ambayo watu wake hawafiki Karura, na vingi vimefunikwa na taka hadi leo. Kuvisafisha, kuviotesha na kuwalipa vijana wa mtaa wavilinde ni kazi ambayo serikali ya kaunti ingeweza kuianza mwaka huu wa fedha, kwa kiasi kidogo kuliko kinachotumika kwenye barabara moja, na lango lake halingehitaji mtu wa kukusanya mia.